Mokowe hadi Lamu kwa Simu: Jinsi ya Kuweka Njia za Boti Kwenye Ramani ya Dijitali

Mgeni anayetoka Mombasa au Nairobi kwa gari hufika Mokowe na kukuta barabara imekwisha. Mbele yake ni jeti, maji na boti zinazosubiri abiria. Mkazi wa Lamu hahitaji kuelezwa kinachofuata. Simu ya mgeni ndiyo inayohitaji kuelezwa. Programu ya kuelekeza njia haijui kwamba hapo gari huachwa na mizigo hushushwa, kisha safari huendelea kwa boti. Inajua kile tu ambacho mtu fulani amekichora kwenye ramani. Ikiwa hakuna aliyechora, itajibu kwamba njia haipo. Ikiwa aliyechora alikosea lebo moja, itamwambia dereva asonge mbele na gari lake mpaka Mji wa Kale, mahali ambapo hata punda wawili wakikutana mmoja hulazimika kungoja.

Mgeni akipotea Mokowe hachukui muda kupata wa kumwelekeza. Lakini si wageni peke yao wanaotumia ramani hizi. Katika Kaunti ya Lamu boti ndiyo barabara. Mgonjwa wa Faza au Kizingitini anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya King Fahd mjini Lamu husafiri kwa maji. Dawa, vitabu vya shule, unga na vifaa vya kupigia kura hufika visiwani kwa njia hiyo hiyo. Anayepanga safari hizo mara nyingi yuko mbali, huenda hajawahi kukanyaga Pate, na hupima umbali kwenye kompyuta. Ramani ikimwambia kwamba Kiwayu haifikiki, au kwamba kutoka Lamu hadi Mtangawanda ni mwendo wa dakika chache kwa mstari ulionyooka, hesabu yake ya mafuta, saa na watu inakuwa na makosa kabla boti haijafunguliwa kamba.

Habari njema ni kwamba ramani ya namna hii inaweza kurekebishwa na mkazi yeyote mwenye simu au anayeweza kuingia saiba.

Ramani inayochorwa na wengi

Ramani shirikishi iliyo maarufu zaidi duniani ni OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na Steve Coast, na huendeshwa kwa namna inayofanana na Wikipedia: mtu hufungua akaunti bila malipo, huongeza anachokijua kuhusu mahali pake, na mwingine akiona kosa hulirekebisha. Data yake ni huru kutumiwa na yeyote, mradi chanzo kitajwe. Ndiyo maana barabara iliyochorwa humo leo inaweza kuonekana baadaye kwenye programu nyingine nyingi, zikiwemo OsmAnd na Organic Maps ambazo mtu huzipakua mara moja na kuzitumia bila bando.

Wakenya si wageni katika kazi hii. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS na kuuweka kwenye ramani hiyo, wakati ambapo ramani nyingi za kawaida ziliuacha kama uwanja mtupu. Mwaka wa 2014 ilitolewa ramani ya njia za matatu za Nairobi, iliyotokana na data iliyokusanywa na wanafunzi waliopanda magari hayo wakiwa na simu mkononi. Matatu hazikuwa na ratiba iliyoandikwa, na vituo vingine vilijulikana kwa utingo na abiria tu. Anayesafiri kwa boti Lamu anaifahamu hali hiyo. Boti nyingi huondoka zikijaa, na kituo ni pale ambapo nahodha amezoea kutia nanga.

Mstari ukose kugusa nchi kavu

Kwenye OpenStreetMap, njia ya feri au boti ya abiria huchorwa kama mstari unaokwenda juu ya maji. Mstari huo hupewa lebo inayoutambulisha. Lebo zote huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ni zile zile duniani kote, na ya njia ya boti ni route=ferry. Neno ferry hapa halimaanishi chombo kikubwa cha chuma kama vile vya Likoni pekee. Boti ya mbao ya abiria inayokwenda na kurudi kila siku kati ya Mokowe na Lamu nayo huingia humo.

Kosa la kawaida si kwenye lebo, bali kwenye ncha za mstari. Mchoraji huanza mstari karibu na jeti na kuumalizia karibu na jeti nyingine. Kwenye skrini mambo yanaonekana sawa, kwani jicho la binadamu huziba pengo lenyewe. Programu ya kuelekeza njia haina jicho. Inaona nukta na mistari inayounganisha nukta hizo, na hutoka mstari mmoja kwenda mwingine pale tu ambapo mistari hiyo miwili inatumia nukta moja. Pengo la mita mbili kwake ni sawa na pengo la kilomita mia mbili. Mstari wa boti ukiishia pembeni mwa jeti bila kuigusa, kisiwa kizima kimekatwa na dunia.

Kwa hiyo kazi huanzia nchi kavu. Kwanza barabara inayofika ufuoni iwe imechorwa. Kisha jeti yenyewe, na juu yake njia ya watembeao kwa miguu inayoungana na barabara. Mwisho wa njia hiyo, pale abiria anaponyanyua mguu kuingia botini, huwekwa nukta yenye lebo amenity=ferry_terminal pamoja na jina la mahali. Mstari wa boti uanzie kwenye nukta hiyo hiyo, si kando yake. Upande wa pili hufanywa vivyo hivyo.

Zipo sehemu zisizo na jeti, ambako abiria hukunja suruali au kuinua buibui na kuteremkia majini. Hapo mstari uishie ufuoni panapotumika kuteremkia, na uunganishwe na kijia kinachopanda kijijini. Isichorwe jeti ambayo haipo ili ramani ipendeze. Mzee wa miaka themanini au mtu anayetumia kiti cha magurudumu ana haki ya kujua mapema kwamba atahitaji kubebwa, na ipo lebo ya kueleza hilo: wheelchair, ambayo hujazwa yes, limited au no.

Uwanja wa ndege wa Manda ni mfano unaoonyesha uzito wa jambo hili. Abiria hushuka kwenye ndege akiwa kisiwani, na mji anaouendea uko ng'ambo ya mkondo. Nukta moja isipounganishwa kwenye jeti ya Manda, programu itamtangazia kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Lamu hadi mji wa Lamu hakuna njia, naye anauona mji kwa macho.

Nani hupanda, na kwa muda gani

Mstari ukishaungana, hatua ya pili ni kusema unabeba nini. Kivuko cha Likoni huko Mombasa hubeba watu na magari, usiku na mchana. Mstari wake kwa hiyo huwekwa foot=yes na motor_vehicle=yes. Mokowe hadi Lamu hakuna feri ya abiria inayobeba magari. Mstari wake huwekwa foot=yes na motor_vehicle=no. Ni neno moja tu linalobadilika, lakini ndilo linalomwambia dereva atafute mahali pa kuegesha Mokowe. Kuhusu pikipiki na baiskeli, mchoraji asikisie. Aulize manahodha wa njia hiyo iwapo huzipakia kama jambo la kawaida au kwa mapatano tu, kisha aandike alichoambiwa.

Muda nao una lebo yake, duration, unaoandikwa kwa saa na dakika. Nusu saa ni 00:30, na saa mbili na robo ni 02:15. Lebo hii ikikosekana, programu nyingi hukisia mwendo wa chombo zenyewe, na makisio hayo hayajui tofauti kati ya boti ya mbao yenye injini ndogo na meli ya kuvuka bahari kuu.

Hapa huzuka swali la haki. Boti ya kasi huvuka Mokowe hadi Lamu kwa dakika chache, ilhali boti ya kawaida ya abiria huchukua kama nusu saa. Uandikwe muda upi? Uandikwe wa boti ambayo mwananchi wa kawaida hupanda. Anayefika mapema kuliko alivyoambiwa hapotezi kitu. Anayepanga kumfikisha mama mjamzito hospitalini kwa hesabu ya boti ya kasi, kisha akapata ya kawaida, ana tatizo. Muda unaoandikwa vilevile ni wa kusafiri, si wa kusubiri abiria wajae. Kusubiri huelezwa kando, kwenye sehemu ya maelezo iitwayo description, kwa sentensi fupi kama: Boti huondoka ikijaa, asubuhi hadi jioni. Sehemu hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Nauli haina haja ya kuwekwa iwapo hubadilika kila bei ya mafuta inapopanda. Inatosha fee=yes, ili mtu ajue kwamba atalipa. Nambari ya simu ya nahodha binafsi isiwekwe kabisa. Ramani husomwa na dunia nzima, na mwenye nambari hakuombwa ruhusa na dunia nzima.

Maji yakipwa

Ugumu halisi wa Lamu uko kwenye kupwa na kujaa. Anayechora kutoka mbali huvuta mstari mmoja ulionyooka kutoka mji wa Lamu hadi Mtangawanda, na mstari huo hupita katikati ya kisiwa cha Manda, juu ya miti na mchanga. Boti hazipiti huko. Zinazoelekea Pate hupenya Mkanda, mkondo mwembamba wenye mikoko ulio kati ya Manda na bara, kisha huvuka ghuba ya Manda hadi Mtangawanda. Kwa miaka mingi Mkanda ulikuwa na sharti lake: maji yakipwa, chombo kizito kilisubiri yajae au kilizunguka Manda kwa upande wa bahari kuu, na wakati wa kusi upande huo si wa kila chombo wala wa kila moyo.

Mstari ufuate mkondo, basi, kwa nukta chache zinazouonyesha ulivyopinda. Haihitajiki nukta kila baada ya mita tano. Mtu akirekodi safari kwa GPS ya simu, atapata mstari unaoyumba kama mlevi, kwa sababu nahodha alikwepa fungu, akapisha ngalawa, akapunguza mwendo mtu apokee simu. Kesho yake mstari utakuwa mwingine. Rekodi ya GPS ni ya kumsaidia mchoraji ajue boti inapita upande gani wa kisiwa na inatia nanga wapi. Akishajua hayo, achore mstari laini wa wastani. Njia inayozunguka nje ya Manda, ikiwa boti za abiria huitumia kwa kawaida, ichorwe kama mstari wa pili wenye muda wake.

Kuhusu saa za kupita Mkanda, mfumo wa lebo una udhaifu unaofaa kukubaliwa. Lebo ya saa za huduma, opening_hours, imeundwa kwa vyombo vinavyofuata saa ya ukutani. Maji hayafuati saa hiyo. Kila siku hujaa takriban dakika 50 baadaye kuliko jana, na bamvua hailingani na maji mafu. Atakayeandika kwamba njia hufunguliwa saa mbili asubuhi atakuwa amesema kweli kwa siku moja na kudanganya kwa wiki nzima. Ni afadhali saa ziachwe wazi, na ikiwa manahodha wanasema vyombo vikubwa bado husubiri maji, kwenye description iandikwe: Vyombo vikubwa hupita maji yakijaa. Uliza nahodha. Na hali ikibadilika, kwa mfano mkondo ukichimbwa na kuongezwa kina, sentensi hiyo ibadilishwe mara moja. Ramani hueleza mambo yalivyo leo.

Boti inayoteremsha abiria Mtangawanda na kuendelea mpaka Faza na Kizingitini haichorwi kwa mstari mmoja mrefu. Kila kipande, kutoka kituo hadi kituo, huwa mstari wake wenye muda wake. Vipande hivyo kisha hufungwa pamoja katika kitu kinachoitwa relation, ambacho ni kama fungu la kuni: kila kijiti ni chake, lakini hubebwa pamoja na huwa na jina moja. Kwa njia hii anayeteremka Mtangawanda na kupanda bodaboda kwenda Siyu atapata jibu sahihi, na anayeendelea Faza pia.

Majina yana mitego yake. Shela huandikwa pia Shella. Faza huitwa pia Rasini, na kwa wazee wengi hilo ndilo jina. Jina linalotumiwa zaidi na wenyeji liwekwe kwenye name, na la pili kwenye alt_name, ili anayetafuta kwa jina lolote afike. Wawili wakibishana, historia ya mabadiliko huhifadhiwa na kila mtu huweza kuona nani alibadilisha nini. Kabla ya kufuta kazi ya mwenzako, mwandikie umuulize. Huenda ametoka huko jana.

Yasiyofaa kuchorwa

Si kila safari ya majini ni njia. Boti ya kukodi inayokwenda popote mteja anapotaka haina mstari. Safari ya watalii ya kwenda kuona machweo haina mstari, labda iwe na kituo na ratiba ya kila siku. Njia ambayo mvuvi mmoja hupitia kwenda kwenye mitego yake ni yake. Kipimo ni chepesi: je, mwananchi asiyejulikana na nahodha akienda pale siku ya kawaida, atapata chombo cha kumvusha kwa nauli? Jibu likiwa ndiyo, chora. Huduma ikikoma, mstari uondolewe, kwa sababu njia iliyokufa kwenye ramani humpeleka mtu ufuoni akangoje boti isiyokuja.

Ni marufuku pia kunakili kutoka ramani za kampuni, Google Maps ikiwa mojawapo. Hizo zina hakimiliki, na kazi iliyonakiliwa hufutwa. Kinachoruhusiwa ni ulichokiona mwenyewe, ulichoambiwa na wanaojua, na picha za setilaiti zilizomo ndani ya kihariri cha OpenStreetMap chenyewe.

Jambo moja lisichanganywe na yote haya. Mstari wa boti kwenye ramani hii ni wa kumsaidia msafiri na mpangaji. Haujapima kina, hauonyeshi miamba wala mafungu, na haujui meli zinazoingia bandari ya Lamu. Nahodha asiutumie kuongozea chombo, hasa usiku, na abiria asimwonyeshe nahodha simu akimwambia apite hapa.

Kuanza, na kuhakiki

Anayetaka kuanza afungue akaunti kwenye tovuti ya openstreetmap.org kwa barua pepe, asogeze ramani hadi mahali anapopajua, kisha abonyeze kitufe cha kuhariri. Kihariri kiitwacho iD hufunguka papo hapo ndani ya tovuti na kina mafunzo mafupi ya dakika chache. Ni rahisi zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye skrini ndogo ya simu. Simu hufaa zaidi botini, kurekodi safari kwa programu kama OsmAnd na kuandika saa ya kuondoka na ya kufika. Safari moja haitoshi kupata muda wa kuaminika. Mbili au tatu, za kwenda na za kurudi, hutoa wastani unaofaa.

Kabla ya kuhifadhi, tovuti huomba maelezo mafupi ya mabadiliko. Sentensi kama "Nimeunganisha njia ya boti na jeti ya Mtangawanda, nilisafiri mwenyewe" huwasaidia wengine kuamini kazi hiyo. Mabadiliko huonekana kwenye ramani kuu baada ya muda mfupi, ila programu zinazotumika bila intaneti husubiri hadi zitoe toleo jipya la ramani na mwenye simu alipakue.

Baada ya hapo kazi ipimwe. Kwenye tovuti hiyo hiyo kuna sehemu ya kuomba maelekezo ya njia. Weka Mokowe kama mwanzo na Lamu kama mwisho, kisha uchague mtu anayetembea kwa miguu. Mstari ukivuka maji kutoka jeti hadi jeti na muda ukikaribiana na ule unaoujua, umefaulu. Kisha uchague gari. Programu ikikuvusha na gari hadi Mji wa Kale, rudi kwenye lebo ya motor_vehicle. Rudia jaribio hilo kwa Manda, Shela, Mtangawanda, Faza, Kizingitini na Kiwayu, ukianzia kule ambako jibu ni kwamba njia haipo.